Mwaka Niliowahesabu Wasiokuwepo

Treni ya Mpanda ilituchukua Tabora jioni, na hadi leo sijui kama ilikuwa inakwenda au ilikuwa inafikiria kwenda. Ilisimama Kaliua, ikasimama katikati ya msitu pasipo na stesheni, ikasimama mahali ambapo dereva, kwa maelezo ya abiria mmoja, alikuwa ananunua asali. Tuliingia Mpanda siku ya pili mchana. Nikakaa hapo siku mbili nikitafuta gari, kisha nikapanda juu ya lori la magunia ya chumvi. Tulipita Sitalike mbung'o wakituuma juu ya mashati, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akanirushia ncha ya kanga yake. "Funika shingo, kijana. Hawa hawana adabu." Alipojua ninakwenda Sumbawanga na sina ndugu huko, alicheka mpaka akashika gunia. "Nenda tu. Ila usimnyime mtu sigara, utapigwa radi." Baadaye lori likaanza kupanda. Miti ikapungua, ikawa mmoja mmoja, kisha ikabaki nyasi na anga tu, vilima vya mviringo vimefuatana kama migongo ya ng'ombe waliolala, na upepo ukaanza kuingia kwenye mikono ya shati. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne, na sikuwa na sweta.

Habari za kwetu nitaziruka. Inatosha kusema kwamba nilikuwa natembea, na nimeendelea kutembea. Haya ninayaandika Masasi, katika chumba cha nyuma cha ghala la korosho ninalolisimamia msimu huu. Wiki tatu zilizopita nilipigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Kaka Rama? Ni Yustina. Yustina wa Kasense." Ni zaidi ya miaka ishirini. Akaniambia mama yake amefariki, wameshamzika, na kwamba marehemu alikuwa amesema nikipatikana niambiwe. Sikuuliza namba yangu aliipata wapi. Niliketi juu ya gunia, na wapakiaji wakadhani naumwa. Tangu siku ile narudi kichwani kwenye nyumba moja yenye vyumba vinne na jiko la nje, mahali nilipokaa mwaka mmoja tu, mfupi kuliko miaka mingi niliyoisahau.

Nyumba ilikuwa ya Mama Restituta, mjane, mkulima wa mahindi, maharage na ulezi. Kasense ni mtaa wa pembeni mwa Sumbawanga, imehesabika kuwa ni mji, lakini ukitoka nyuma ya nyumba unaingia shambani. Nilipelekwa pale na Mwalimu Chilewa, aliyekuwa ameniajiri siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeona tangazo ukutani mjini: wanahitajika makarani, wajue kusoma, kuandika na kutembea. Hilo la tatu nilijiona nimefuzu. Mwalimu alikuwa Mgogo mfupi mwenye sauti kubwa, mstaafu wa kufundisha hesabu, ambaye uzeeni alikuwa amejifunza mambo ya takwimu za watu. Alibeba kikokotoo chake kimefungwa kwenye leso kama mtu abebavyo yai. Alipanga chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na ukuta kati ya chumba changu na sebule haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia, nikitaka nisitake.

Kazi yenyewe aliieleza hivi. Mtoto akizaliwa anaandikwa. Mtu akifa, mara nyingine anaandikwa. Lakini anayehama haandikwi popote. Anabeba begi lake na kwenda. Ofisi iliyomtuma Mwalimu ilitaka kujua vijana wa uwandani wanakwenda wapi na ni wangapi, na kwa kuwa hakuna daftari la waliohama, ilibidi watafutwe kwa kuzunguka. Tulikuwa na hesabu za sensa mbili, na tulikuwa na fomu. Fomu ilimwuliza kila mama: umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Wangapi wamefariki? Walio hai, wangapi wanaishi hapa, na wangapi wanaishi kwingine? Safu tatu za mwisho lazima zijumlishwe zifikie safu ya kwanza. Kabla ya kupewa kalamu tulikula kiapo, mimi kwa msahafu na wenzangu wawili kwa Biblia, kwamba tutakachoambiwa mlangoni kwa mtu hakitatoka kwenye fomu.

Siku moja mchana, wiki ya kwanza, tulikuwa tunakula ugali wa ulezi na maharage, na mimi nikamwuliza Mwalimu mtu asiyekuwepo anahesabiwaje. Alifurahi, maana alikuwa anasubiri kuulizwa. Akatoa maharage kumi kwenye bakuli, akayapanga ukingoni mwa sahani. "Hawa ni vijana wa hapa, sensa ya kwanza. Wana miaka kumi na kitu. Sasa miaka imepita, inakuja sensa ya pili. Katika kumi, kwa kawaida ya dunia, mmoja amekufa." Akachukua harage moja akalila. "Tunabaki na tisa. Nakwenda kuhesabu wa umri huo, nawakuta sita. Watatu wako wapi?"

"Wamehama," nikasema.

"Wamehama! Hakuna aliyeniaga, lakini nimewapata kwa kutoa."

Mama Restituta alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya majani ya maboga. "Mwalimu," akasema.

"Naam, mama."

"Huyo uliyemla. Umejuaje kama ndiye aliyekufa?"

Mwalimu akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akaweka kijiko chini. "Sikujua, mama. Sijui ni nani. Ninajua ni wangapi tu."

"Kwa hiyo inawezekana umemla aliye hai, na aliyekufa umemwacha hapo kwenye sahani."

"Inawezekana kabisa."

"Haya. Ongezeni mboga."

Yustina ndiye aliyenieleza, jioni yake, tukimenya mahindi jikoni. Alikuwa binti wa Mama Restituta, wa miaka kumi na sita, mwenye mwanya na mdomo usiopumzika. Kaka yake, Didas, alikuwa ameshuka bondeni, kule chini kwenye Ziwa Rukwa ambako vijana wa uwandani huenda kulima mpunga na kuvua. Alikuwa ameaga kuwa anakwenda msimu mmoja. Huu ulikuwa mwaka wa sita, na hawakuwa wamepata salamu hata moja. Wengine walisema amezama, wengine walisema ameugua akazikwa na watu wasiomjua. Baba mdogo wake, Mzee Oresti, alitaka ukoo umsomee misa ya marehemu mavuno yakiisha. "Mama hataki," Yustina alisema. "Anasema misa ikishasomwa, ndiyo amekufa, hata kama yuko hai." Halafu akanitupia gunzi. "Na wewe mtu wa pwani, mbona unatetemeka? Sogea motoni." Mimi nimetoka Kilosa, na kwa watu wa pale Kilosa ilikuwa pwani. Nilijaribu kueleza, nikaacha.

Tulihesabu Kasense yote mvua zikinyesha, na vijiji vichache kuelekea Kaengesa. Nilipenda kazi ile. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, lakini hakuna nyingine iliyonipa ruhusa ya kuingia nyumba ya kila mtu, kukaribishwa kigoda na kusimuliwa. Sebule za Kasense nazikumbuka kwa harufu: moshi, mahindi yaliyoning'inizwa darini, makoti yaliyoloa. Wazee walinijaribu. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Unahesabu na kuku?" "Hapana, baba." "Basi umekuja bure, kuku ndio wengi." Nilirudi kila siku na fomu zilizojazwa vizuri, jumla zote zimekubali, nikijiona karani wa maana.

Mwezi wa nne Mwalimu aliniita mezani, amezitandaza fomu zangu kama karata. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Rama. Sensa inaniambia theluthi ya vijana wa hapa hawapo. Fomu zako zinaniambia wapo wote. Kila mama, watoto wake wakubwa wa kiume 'wanaishi hapa'. Hawa wanaoishi hapa umewaona?" Nikasema niliandika nilichoambiwa. "Au umezijaza chumbani, miguu juu ya kitanda?" Wenzangu wawili wakatazama chini, na nilijua wanafikiri hivyohivyo. Alisema atanipa siku moja, na kama siwezi kuonyesha kosa liko wapi, nirudishe kalamu.

Akaanza na fomu ya nyumba tuliyokuwamo. Akamwita mwenyewe. "Mama, samahani. Umezaa wanne, umezika mmoja. Restituta ameolewa Kaengesa, yuko kwingine. Wawili wako hapa. Yustina namwona. Wa pili nani?"

"Didas."

"Didas yuko hapa?"

"Njooni."

Tukamfuata nyuma ya nyumba. Ilikuwa mwisho wa masika, wakati ambapo Wafipa hukata nyasi ndefu, wakazilundika na kuzifunika kwa udongo, yakawa matuta makubwa ya mviringo yanayofika kiunoni. Wao huyaita ntumba. Nyasi huozea ndani, na msimu unaofuata udongo ule hutandazwa na kupandwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Mama Restituta alisimama ukingoni mwa shamba akaonyesha kwa mkono. "Haya ni ya Yustina. Yale mpaka kwenye mti ule ni ya Didas. Restituta hana tuta hapa, mumewe anamtengenezea kwao."

"Nani amemtengenezea Didas?" Mwalimu akauliza.

"Mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Mtoto mwenye matuta yupo. Nikiacha kumtengenezea ndipo nitakuwa nimemwondoa."

Mwalimu alichuchumaa, akagusa udongo wa tuta lililokuwa karibu, akakaa hivyo kwa muda mrefu na suruali yake ya ofisini inaloa. Alipoinuka alinishika bega. "Hukuzipika," akasema. Ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Kesho yake tulirudia Kasense nzima na swali moja tu zaidi, ambalo mimi ndiye nililipendekeza, na sijawahi kupendekeza kitu cha akili kuliko hicho tangu nizaliwe: mama, mwaka huu umemtengenezea matuta nani ambaye hakushika jembe mwenyewe? Wakatupeleka mashambani mmoja baada ya mwingine. Kinamama wale hawakuwa wametudanganya. Waliohama walikuwa wamesimama mashambani kwa safu, wamefunikwa udongo, na mama zao walijua kila mmoja ni nani. Kulikuwa na matuta ya watoto walioko Mbeya, walioko Mpanda, wa mmoja aliyekwenda Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na tano na sasa ana wajukuu. Tulipoyahesabu, yakakaribia sana kile ambacho sensa ilikuwa imekitoa kwa kupunguza. Mwalimu alikunywa togwa vikombe viwili siku hiyo akaimba wimbo wa kwao.

Kilichofuata ni kuhesabu upande wa pili, kule walikofikia. Mwezi wa sita nilipelekwa bondeni peke yangu. Lori liliteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu unaotenganisha uwanda na bonde, kona baada ya kona, na kila kona nikavua nguo moja, mpaka chini nikabaki na fulana. Juu tulikuwa tunaota moto. Kule watu walilala nje. Nilizunguka vijiji vya mpunga, kisha kambi za wavuvi. Fomu ya huko iliuliza ulizaliwa wapi na sensa iliyopita ulikuwa wapi. Ilikuwa pia na maswali mawili ambayo Mwalimu aliyapenda sana kwa sababu humwambia hesabu za vifo bila kuuliza vifo: baba yako mzazi yu hai? Mama yako mzazi yu hai?

Katika kambi moja niliwakuta vijana wanne wanashona nyavu. Mmoja wao alijiita Sospeta.

"Ulizaliwa wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Ufipa."

"Kijiji, au mtaa?"

"Mshikaji, mnataka kunipostia barua?" Wenzake wakacheka. Akavuta uzi kwa meno. "Kasense. Andika Kasense."

"Baba mzazi yu hai?"

"Alifariki."

"Mama mzazi?"

Mkono ukasimama kwenye wavu. Wenzake waliendelea kushona. "Sijui," akasema.

Fomu ilikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Nilikuwa nimeshaweka alama humo mara nyingi kwenye kambi zile bila kuinua macho. Safari hii niliinua, na nikaona mwanya. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ana dada anaitwa Yustina. Akaweka kisu chini, akainuka, tukatembea mpaka mahali mitumbwi ilipogeuzwa. Hapo ndipo nilipovunja kiapo mara ya kwanza, na sikufikiri hata kidogo. "Yu hai," nikasema. "Asubuhi niliyoondoka kuja huku alinipikia uji."

Aliketi juu ya mtumbwi. Aliuliza kama bado ana kikohozi cha baridi. Aliuliza kama paa la jiko lilishawahi kuezekwa. Kisha akasema bila kuulizwa: alishuka na maksai wanne wa marehemu baba yake, awalimishe mashamba ya watu msimu mmoja, arudi. Wakaugua kwa mbung'o, mmoja baada ya mwingine, wakaisha kabla ya mavuno. "Nirudi nimwambie nini? Wale ng'ombe ndio tulibaki nao. Nikasema nivue mwaka mmoja ninunue wengine. Nikasema mwaka mwingine." Sasa alikuwa na mke wa Kisukuma, na mtoto mmoja wa kike aliyekuja mbio akamkalia pajani. Aliitwa Gaudensia, jina la ubatizo la Mama Restituta.

"Wanataka kukusomea misa ya marehemu," nikamwambia. "Baada ya mavuno."

Akacheka kwelikweli. "Wasome tu. Misa haijawahi kumdhuru mtu." Kisha akageuza uso kuelekea ziwani, na mtoto akawa anamvuta ndevu asigeuke. Tulipoagana alinishika mkono hakuuachia. "Usimwambie, kaka. Nina ndama wawili. Nitapanda nao. Siyo mikono mitupu. Umeapa, sivyo? Mlisema mmeapa." Nikasema ndiyo, nimeapa.

Nikipanda na lori kurudi, nilivaa zile nguo tena moja moja. Mama hakujua kama mwanawe yu hai, na mwana hakujua kama mama yu hai, na njia kati yao ilikuwa safari ya siku moja. Nimefikiri mara nyingi kuhusu siku ile hapa Masasi, ambapo kila mtoto ana simu. Vijana wanaonipakia korosho wanaongea na mama zao kila jioni na bado nasikia wanavyodanganya: niko salama, nimekula, kazi ipo. Umbali sidhani kama ulikuwa ni wa simu.

Nilimwuliza Mwalimu kwa kuzunguka. Nikasema, tuseme karani ameandika fomu mbili na akajua kwamba mtu wa fomu hii anamtafuta mtu wa fomu ile. Hakuinua kichwa. "Hajui. Karani hajui kitu. Siku tutakapotoa siri moja, hata kwa wema, mlango wa pili hautafunguliwa." Alikuwa sahihi. Bado naamini alikuwa sahihi. Nilikaa na siri hiyo siku tisa. Siku ya kumi nilisikia, kupitia ukuta usiofika juu, Mzee Oresti akimwambia Mama kwamba ameshazungumza na padri na Jumapili ijayo ukoo utakuja kukubaliana siku.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni anapepeta ulezi. Nikasimama mlangoni. "Mama, nimemwona."

Ungo ukaendelea mara mbili, tatu, kama mikono haikusikia. Kisha ukasimama. Hakupiga yowe, hakuuliza nani. "Amenenepa?"

"Amekonda kidogo."

"Ana viatu?"

"Ndala."

"Yuko na mtu?"

"Ana mke. Ana mtoto wa kike. Anaitwa Gaudensia."

Hapo akauweka ungo chini na kujifunika uso kwa kanga. Alipofunua, macho yalikuwa makavu na makali. "Alisema uniambie?"

Ningeweza kudanganya. "Alisema nisikuambie, mama. Ni aibu ya wale ng'ombe. Anataka arudi na wengine."

"Na nyie mliapa."

"Tuliapa."

Akaokota ungo. "Basi hukuniambia," akasema. "Nenda kazini, umechelewa."

Jumapili walikuja baada ya misa ya pili, watu wanane hivi, na mimi nikawa chumbani nimelala chali nikitazama mabati. Mzee Oresti alianza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Mwanawe Faustini alikuwa anaoa, na hakuwa na mahali pa kulima karibu. "Shemeji, hatukuja kugombana. Mtu hashuki bondeni miaka sita bila hata salamu. Tumsomee kijana misa, roho yake ipumzike, na ardhi ipate mtu."

"Shamba mpe Faustini," Mama akasema. "Aanze msimu huu. Matuta yako tayari, ayatandaze apande."

Nilisikia mtu akiweka kikombe.

"Na misa?"

"Misa hapana."

"Shemeji, hatuwezi kugawa shamba la mtu ambaye unasema yu hai."

"Ninaligawa mimi niliyelilima. Misa hapana."

Mwanamke mmoja, shangazi mtu, akapandisha sauti. "Hicho ni kiburi! Unamnyima mtoto wako mwenyewe maombi!" Mwingine akadakia, "Au kuna kitu anakijua."

"Ninachokijua," Mama akasema, na hakupandisha sauti, "ni kwamba nilizaa wanne nikazika mmoja. Kaburi lake mnalijua, lina msalaba. Mkitaka kusoma misa, someni ya huyo." Walimwambia mengi baada ya hapo. Walimwita mkaidi, walisema umri umemwingia kichwani, wakaondoka bila kumaliza chai. Neno moja lingewanyamazisha wote, na neno hilo lingenifukuzisha mimi kazi. Hakulisema. Niliyasikia yote nimelala, na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Kesho yake alikuja mwenyewe mezani kwa Mwalimu, amevaa kanga ya kutokea. "Mwalimu, fomu yangu ina kosa. Didas mtoe hapa. Mpeleke kwingine."

"Kwingine, akiwa hai?"

"Sasa aliyekufa ataishije kwingine?"

Mwalimu akatafuta fomu, akakata, akaandika, akajumlisha kwa kidole. Kisha akanitazama. Haikuwa hasira. Alisubiri Mama atoke. "Rama, wewe ndiye ulishuka bondeni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sikuulizi." Alikuwa anafunga kikokotoo kwenye leso, polepole, pembe kwa pembe. "Umekuwa karani mzuri. Yale matuta sitayasahau. Lakini siwezi kukutuma tena mlangoni kwa mtu." Nikasema naelewa. Akanipa sweta lake, la kijivu, akisema kwao Dodoma halimfai kitu.

Yustina aliniambia kwenye simu kwamba Didas ndiye aliyeongoza maziko. Sikuuliza alirudi mwaka gani, wala kama alikuja na ng'ombe au bila ng'ombe. Nilitaka kuuliza, lakini muda wa maongezi ulikwisha, na nilipopiga baadaye haikupatikana.

Niliondoka mwezi wa kumi, vumbi likiwa jekundu na watu wakitazama mawingu. Nilikuwa nimesikia kuna kazi Zambia, Kitwe, na hiyo ilinitosha. Mama Restituta alinisindikiza mpaka stendi, akibeba begi langu kichwani kwa nguvu, kwa sababu nilipojaribu kumnyang'anya aliniuliza kama namwona mzee. Tulisimama kando ya basi la Tunduma. Watu walikuwa wanapandisha kuku na magodoro. Aliniteremshia begi, akaifuta kamba yake vumbi, na ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na wewe, mama yako anajua uko wapi?"

Mwaka mzima hakuwa ameniuliza habari za kwetu hata siku moja. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. "Hapana, mama."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Nilingoja anikaripie. Alinitazama tu, kuanzia kichwani hadi viatuni, taratibu, kama mtu anayetaka kukumbuka vizuri ili akamweleze mwenzake. Kisha akanisukuma begani. "Panda, watakuacha."

Tulifika Tunduma alasiri. Kabla sijakanyaga chini, vijana wa kubadilisha fedha walikuwa wamenizunguka na vibunda vya kwacha mikononi. "Kaka, unavuka? Unavuka? Njoo kwangu, bei nzuri." Geti lilikuwa mbele yangu, malori yamepanga foleni, na ng'ambo niliwaona watu wakitembea kwenye barabara ileile kama kwamba hakuna mpaka. Nilisimama pale na begi mpaka wote wakachoka wakaenda kwa abiria wengine, akabaki mmoja.

"Sasa wewe unavuka au huvuki?" akauliza.

Nikamwuliza gari la Mbeya, njia ya kurudi kwetu Kilosa, linapakia wapi. Akanionyesha kwa kidevu, tayari anatazama kwingine.